Kwenda Kolo kutoka Dodoma: mwongozo kwa mwanafunzi mgeni anayetaka kuona michoro ya miambani

Kila mwaka vyuo vikifunguliwa simu yangu haipoi. Wanaopiga ni wadogo zangu wa Bujumbura, Uvira, Goma, Moroni, na siku hizi hata Juba. Wameshapata chumba mtaa wa Ng'ong'ona, wameshazoea daladala za mjini, sasa Jumamosi imewakuta hawana kipindi na wanauliza: "Kaka, hapa Dodoma kuna nini cha kuona?" Nikiwajibu "nendeni Kolo", maswali yanayofuata nayajua kwa mpangilio. Ni wapi? Gari gani? Naweza kwenda peke yangu? Na kwa nini fulani alikwenda akarudi anasema hakuona kitu? Nimechoka kuyajibu moja moja kwa ujumbe wa sauti. Haya hapa yote.

Kwanza tuelewane. Mlima Simba, Nyerere Square na Msikiti wa Gaddafi viko mjini, nusu siku inatosha, na havihitaji mwongozo wa mtu. Vaa viatu uende. Kolo ni habari nyingine. Ni kijiji kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati–Arusha, wilayani Kondoa, kama kilometa 180 kaskazini ya Dodoma mjini. Kwenye vilima vya huko kuna miamba mikubwa iliyoinama ikafanya uvungu, wenyeji huita mapango, na kwenye kuta zake watu wa zamani walichora wanyama, watu na alama. UNESCO iliweka eneo lote, kilometa za mraba 2,336, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Sehemu zenye michoro ni zaidi ya 150. Michoro myekundu hudhaniwa ni ya wawindaji na waokota matunda, ile myeupe iliyokuja baadaye ni ya wakulima na wafugaji. Nadharia inayokuhusu kabla ya safari inaishia hapo.

Sasa yule fulani aliyesema hakuona kitu. Nilimhoji. Alitoka Dodoma saa tatu asubuhi, akafika kwenye mwamba saa tisa, akakaa dakika kumi huku akiwaza gari la kurudi. Ile michoro si mabango ya matangazo. Mingi ni midogo, mingine haizidi kiganja, na rangi imefifia. Kwa hiyo safari hii panga kinyumenyume: anza na saa tatu za kukaa mlimani, halafu urudi nyuma ukitafuta gari litakalokupa hizo saa tatu. Karibu kila ninachosema hapa chini kinatokana na hesabu hiyo.

KABLA HUJAANZA

Uwe na:

- Kitambulisho cha chuo, kopi ya pasipoti na kopi ya kibali cha kuishi. Kitambulisho kinaweza kukusaidia kwenye kiingilio, kopi zitakusaidia barabarani. Pasipoti yenyewe iache imefungiwa chumbani.
- Pesa kwa njia mbili: noti ndogondogo mfukoni na salio kwenye simu. Malipo ya serikali hapa hufanywa kwa namba ya malipo unayopewa palepale, wenyewe wanaiita kontroo namba, unalipia kwa simu. Bodaboda na muuza karanga wanataka noti, tena zisizohitaji kutafutiwa chenji.
- Viatu vya kufunga kamba. Siyo ndala, siyo malapa, siyo raba nyeupe uliyonunua juzi.
- Maji lita mbili kwa kila mtu, na chakula kisichoharibika: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, ndizi.
- Suruali ndefu au gauni refu. Kuna miiba, na pia Kondoa ni nchi ya Waislamu wengi. Dada zangu, kitenge kwenye begi hakiwi mzigo.
- Kofia, simu yenye chaji, na pawa benki kama unayo. Darubini ndogo ukiipata kwa mtu, azima.
- Wenzako watatu hadi watano. Peke yako inawezekana, ila bodaboda, gari na woga vyote vitakulemea mwenyewe.

Acha nyumbani manukato (nitaeleza), spika ya muziki na droni. Droni Tanzania inahitaji kibali, na mahali penyewe ni urithi unaolindwa, usijitafutie kesi.

HATUA KWA HATUA

1. Chagua mwezi kabla ya kuchagua siku.

Mikoa ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Wakati huo makorongo ambayo jana yalikuwa mchanga mtupu leo yanapitisha maji ya udongo mwekundu, na njia ya kutoka barabarani kwenda mlimani inateleza. Wewe uliyefika na mhula mpya, nafasi yako ya kwanza ni Novemba kabla mbingu hazijafunguka. Ukiikosa, subiri Juni. Kuanzia Juni hadi Oktoba ni kiangazi, njia ni kavu, na asubuhi kuna kibaridi kizuri cha kupandia mlima.

Angalia na kalenda ya dini. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi ya Kondoa haifungui mchana, kwa hiyo beba chakula chako na ule mahali pa faragha. Ijumaa mchana usishangae mtu wa kukuongoza akikuomba akaswali kwanza. Jumamosi ndiyo siku yangu.

2. Uliza kiingilio kabla ya kukusanya michango.

Viwango vinatofautiana kati ya raia na wageni, na hubadilika. Usikubali bei ya kuambiwa na mtu aliyekwenda miaka mitatu iliyopita, ukifika ukakuta michango haitoshi mtagombana mbele ya watu. Mwulize mwalimu wa historia au akiolojia chuoni kwako, wengi wao njia ya Kolo wanaijua, au mtu aliyekwenda mwaka huu huu. Ukipata namba ya simu ya ofisi ya pale, piga, uwaambie siku na idadi yenu. Simu hiyo inamfanya mwongozaji awepo, badala ya kuitwa kutoka shambani kwake.

3. Kata tiketi jana yake, na uhakikishe saa.

Dodoma hadi Babati ni lami tupu, kilometa 251, iliyozinduliwa mwaka 2018. Zamani safari ya Kondoa ilikuwa vumbi na kuomba Mungu. Siku hizi basi linalotoka alfajiri linakufikisha Kolo kabla jua halijawa kali. Mabasi makubwa yako Stendi Kuu ya Nanenane. Tafuta linalokwenda Babati au Arusha kwa njia ya Kondoa. Linaloishia Kondoa mjini nalo linafaa, ila hapo utabadilisha gari, maana Kolo iko mbele ya Kondoa kama kilometa 25.

Kuhusu saa, nisikilizeni vizuri nyie wa Burundi, Rwanda na Kongo ya mashariki, maana mimi yalinikuta. Kwetu tuko saa moja nyuma ya Tanzania. Simu yangu niliiweka isijibadilishe yenyewe, na wiki ya pili nilikuwa bado naishi Bujumbura huku nikilala Dodoma. Halafu kuna saa ya Kiswahili: mkata tiketi akikuambia saa kumi na mbili asubuhi anamaanisha jua linachomoza, na kwenye tiketi anaweza kuandika 12:00 au 06:00, kutegemea kalamu yake. Nilifika stendi na begi langu, basi lilikuwa limeshaondoka, na yule kijana wa tiketi akaniuliza kwa upole kama mimi ni mgeni. Kwa hiyo uliza kwa maneno: "Ni alfajiri au mchana? Niwe hapa saa ngapi?" Halafu fika nusu saa kabla.

Mkiwa watano au sita, kukodi gari aina ya Noah kwa siku nzima huwa hakuzidi sana nauli zenu pamoja na bodaboda, na mnapata uhuru wa kuondoka mtakapo. Patana kabisa kwamba gari litatoka lami na kuingia njia ya udongo. Dereva asipoambiwa mapema, akiona ule udongo bei inapanda.

4. Mwambie konda mara mbili.

"Nishushe Kolo, pale kwenye michoro." Sema ukipanda, sema tena mkiiacha Kondoa mjini. Mara yangu ya kwanza nilisema mara moja tu, nikalala. Konda alikuja kutukumbuka tumekaribia Bereko, tukarudi kwa gari jingine na saa nzima ikawa imekwenda na maji.

Ukiwa macho utafaidi. Baada ya Dodoma unapita Msalato na Makutupora, halafu nchi inafunguka, mibuyu inasimama mmoja mmoja mpaka Chemba. Ukivuka Kondoa vilima vinaanza kusogea barabarani na ardhi inakuwa nyekundu, imechanwachanwa na makorongo. Mmomonyoko wa huku ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Ule uoto unaouona kwenye miteremko ulipewa nafasi ya kupumua.

5. Ripoti ofisini kwanza.

Hata kama bodaboda anakuambia anaijua njia. Hata kama kuna kijana anakuambia ofisi imefungwa. Pale Kolo, karibu na barabara, kuna ofisi ya wahifadhi: unaandika jina kwenye kitabu cha wageni, unalipa, unapewa risiti na mwongozaji. Kwenda mlimani bila mwongozaji ni kosa, na hasara yake inakurudia mwenyewe, kwa sababu peke yako hutaona hata theluthi ya kilichopo.

Salamu usizipite. Huku mtu mzima husalimiwa "shikamoo", na ndugu zangu wa Kongo najua neno hilo halitumiki kwenu, lakini lifanyieni mazoezi ndani ya basi. Mzee akishakujibu "marahaba" mlango umefunguka. Ukianza na "habari, tunataka kuona michoro, ni bei gani?" utahudumiwa, ndiyo, lakini utahudumiwa kama mteja wa vocha.

6. Kutoka ofisini hadi chini ya mlima.

Michoro maarufu ya Kolo iko mlima unaoitwa Mungomi wa Kolo, kama kilometa 10 kutoka barabarani. Kama hamna gari, ni bodaboda. Patana kwenda, kusubiri na kurudi, kwa bei moja, na ulipe nusu sasa, nusu mkirudi. Ukilipa yote kule kule mlimani, ukishuka unaweza kukuta alama ya tairi tu.

Mwongozaji naye anahitaji usafiri, huo ni juu yenu. Hapo ndipo wanafunzi hutaka kupanda mshikaki, watatu kwenye pikipiki moja. Njia ina mchanga na mawe. Kwa maisha yenu, ongezeni pikipiki.

7. Panda polepole.

Mwisho wa njia ni miguu. Kupanda kwenyewe hakuchukui muda mrefu, ila ni mwinuko wa kweli na sehemu nyingine mikono inafanya kazi pamoja na miguu. Usishike jiwe wala kutia mkono kwenye ufa usiouona ndani. Mwenye pumu abebe dawa yake, asiiache ndani ya gari. Kuna sehemu tatu ambazo watafiti waliziita B1, B2 na B3, mwongozaji atachagua mpangilio. Mfuate.

8. Mbele ya mwamba.

Hapa usiharakishe, ndicho kilichokutoa Ng'ong'ona.

Kwanza kaa chini. Umetoka kwenye jua kali umeingia kivulini, macho yako bado hayajafika. Dakika tano bila simu. Halafu usianze kutafuta mnyama, tafuta rangi. Angalia ukuta mpaka uone wekundu ambao si wa jiwe, kama damu iliyozeeka au kutu iliyokauka. Ukishaupata, ufuate ulikokwenda. Unakuwa mstari. Mstari unakuwa mguu, mguu una mwenzake, juu yake kuna mwili, na ghafla unamwona twiga mzima ambaye alikuwa mbele ya pua yako muda wote. Baada ya huyo wa kwanza wengine wanakuja wenyewe: tembo, pofu (yule swala mkubwa), watu wembamba warefu kama mianzi, vichwa vimetuna kwa nywele au mapambo ambayo mpaka leo watu wanabishana ni nini.

Usisimame mahali pamoja. Sogea kulia, kushoto, chuchumaa. Kuna mistari inayoonekana ukiitazama kwa ubavu tu.

Si kila cheupe ni rangi. Pimbi, wanyama wadogo kama sungura, wanaishi kwenye miamba hii na mikojo yao huacha michirizi myeupe mirefu. Mwenzangu mmoja alipiga picha nane za mkojo wa pimbi, akatuma kwao. Michoro myeupe ya kweli ni minene, kama imepakwa kwa kidole, na mahali pengine imechorwa juu ya ile myekundu. Ukiona hivyo, umeshajua ipi ilitangulia bila kuambiwa na mtu.

Mwombe mwongozaji akuonyeshe mchoro wa watu watano, yule wa katikati ameshikwa huku na huku. Mwanaakiolojia Mary Leakey aliona ni mtu anatekwa, huku wanamvuta na huku wenzake wanamzuia. Wengine wanasema ni ngoma ya uganga, na huyo wa kati ameshapandisha mashetani, wenzake wanamshikilia asianguke. Toa na maoni yako, mwongozaji anapenda. Huyo Mary Leakey alikuja huku na mumewe Louis mwaka 1951, akakaa miezi akinakili michoro kwenye karatasi angavu, na maumbo aliyonakili yalifika kama 1,600. Wewe una saa tatu. Yaone kumi vizuri.

Makosa ya mahali hapa, na haya sina utani nayo:

Usiguse. Mafuta na jasho la mkono mmoja ni kidogo, lakini hauko peke yako kwenye kile kitabu cha wageni.

Usitumie mwanga wa flashi. Hauongezi chochote, unafuta vivuli na picha inatoka bapa.

Usimwagie maji. Hili nalisema kwa kirefu kwa sababu linafanywa na watu wenye nia njema. Mara ya pili nilikwenda na rafiki wa Komoro, akaona tembo amefifia, akafungua chupa yake ili alowanishe jiwe rangi ing'ae, alivyoona kwenye video. Maji huyeyusha chumvi za kwenye mwamba, yakikauka chumvi inabaki juu kama ukungu mweupe, na mchoro unazidi kupotea. Mwongozaji wetu, mzee wa makamo, hakufoka. Aliomba ile chupa, akanywa maji yote mpaka tone la mwisho, akamrudishia chupa tupu, akaendelea kueleza habari za tembo. Tulishuka mlima na kiu. Hakuna aliyelalamika.

9. Ujue umeingia kwa watu.

Mungomi ni mahali pa tambiko. Wazee wa Kirangi, kabila la wenyeji wa Kondoa, wamekuwa wakipanda hapa kuomba mvua na kuondoa maradhi, kwa mbuzi na pombe ya nafaka, na desturi hiyo ni ya zamani kuliko ofisi na risiti yako. Ukikuta majivu, kipande cha chungu au kitu kimewekwa mahali, kiache kilivyo, usikipige picha kwa vichekesho. Mkikuta wazee wako kwenye shughuli, mwongozaji atasema msubiri au mwende sehemu nyingine. Mtii. Hata kama nauli mmelipa.

Kwenye baadhi ya mapango ya huku utaona mashimo. Ni ya watu wanaotafuta mali ya Mjerumani. Kondoa ilipiganiwa mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la van Deventer kutoka Afrika Kusini likipambana na Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck, na tangu hapo kila jiwe kubwa lina mtu anayeamini chini yake pana sanduku. Walichofanikiwa ni kuvuruga udongo ambao wanaakiolojia wangeusoma kama kitabu. Kwenye mwamba wa Kisese, kaskazini ya hapa, udongo uliochimbwa kwa utaratibu mwaka 1956 ulitoa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Kijana wa bodaboda akikunong'oneza kuhusu ramani ya Mjerumani, mjibu una mtihani Jumatatu.

10. Shuka mapema.

Saa tisa alasiri uwe umerudi barabarani. Magari ya kutoka Arusha na Babati kuelekea Dodoma hupita, lakini mengi yamejaa, na ikishafika saa kumi na moja unabahatisha. Simama mahali gari linaweza kusimama, karibu na ofisi au dukani, siyo kwenye kona. Likipita la Kondoa mjini tu, panda: Kondoa kuna gesti, kuna chakula, na kuna magari ya asubuhi.

Na kama mfuko unaruhusu, lala Kondoa kwa makusudi. Siku ya pili mwongozaji anaweza kukupeleka Pahi kwenye michoro myeupe, au Fenga, ambako kuna mchoro wa tembo aliyezungukwa na watu kama yumo mtegoni. Jina Dodoma lenyewe Wagogo wanalihusisha na tembo aliyezama matopeni, *idodomya*, amezama. Yule wa Fenga bado yuko juu ya mwamba.

MAMBO YAKIKWAMA

Ofisini hakuna mtu. Usipande peke yako. Uliza duka la karibu, mhudumu mara nyingi yuko kwenye chai au ameongozana na wageni wengine. Subiri. Ndiyo faida ya kufika asubuhi.

Malipo ya simu yanagoma. Mara nyingi ni mtandao wa simu wala siyo salio. Sogea nje, jaribu laini ya mwenzako ya mtandao mwingine, namba ya malipo ni ile ile. Usimpe mtu taslimu "akulipie" bila kuona risiti yenye jina lako au la kundi lenu.

Mmesimamishwa barabarani mnaulizwa vibali. Ni kawaida, na mara nyingi wanaoulizwa ni wageni kwa lafudhi. Toa kitambulisho cha chuo na kopi zako, jibu unachoulizwa tu, usianze kusimulia safari nzima. Kama kibali bado kinashughulikiwa, beba risiti ya maombi au barua ya chuo.

Nyuki. Kwenye nyufa za miamba huwapo, na manukato huwachokoza. Mwongozaji akisema "tulieni", tulieni kweli, kisha mrudi nyuma taratibu. Mkianza kupunga mashati mmekwisha. Mwenye mzio wa nyuki amwambie mwongozaji mkiwa bado ofisini.

Mvua imewakuta juu. Msishuke inaponyesha, jiwe likilowa linateleza kama sabuni. Kaeni chini ya mwamba, mbali na ukuta wenye michoro, msiegemee. Mkishuka mkakuta korongo lina maji yanayokwenda, usilipime kwa mguu. Subirini lipungue, makorongo ya huku hujaa haraka na kukauka haraka.

Picha hazionyeshi kitu. Piga bila flashi, simu imetulia juu ya goti, moja ya karibu na moja ya mbali ili ujue ilikuwa wapi. Ukirudi chumbani ongeza ukolezi wa rangi kwenye simu yako, wekundu utajitokeza. Wanaofanya kazi hii kitaalamu hutumia programu iitwayo DStretch, huibua mistari ambayo jicho halikuiona kabisa. Nimewahi kumgundua pofu wa tatu nikiwa kitandani.

Mwenzenu amechoka hawezi kupanda. Asiachwe peke yake chini. Abaki na mmoja wenu kivulini, halafu mpokezane. Mapango hayaondoki.

Mmefika Dodoma usiku. Stendi iko Nanenane, wewe unalala Ng'ong'ona, daladala zimeshaisha na bajaji wanataja bei ya usingizi wao. Kubalianeni bei kabla hamjakaa, mkiwa watatu gawaneni, na mpigie simu mwenye nyumba wako kabla hujafika, maana geti likishafungwa saa nne hatakusikia hata ukiimba.